Kipimo cha Kazi Isiyokwisha

Kuna swali ambalo washarika huliuliza kwa namna nyingi, hasa wanapokaribia kustaafu: kazi yangu imezaa nini? Mwalimu huliuliza, muuguzi huliuliza, na mwinjilisti aliyefungua mtaa kisha akahamishwa kabla haujajengewa kanisa huliuliza pia. Vyuoni swali hilo limepewa tarakimu. Mtaalamu huhesabiwa makala alizoandika, kisha huhesabiwa ni mara ngapi wenzake wamezitaja makala hizo katika maandishi yao, na mwishoni hutolewa namba moja inayodaiwa kuonyesha uzito wa mchango wake. Hata katika vyuo vya theolojia tumeanza kuulizana namba hizo, jambo ambalo nadhani lingewashangaza mitume.

Napenda tulichunguze swali hilo kwa kumtazama mwanafizikia mmoja wa Marekani, Lyman Spitzer, aliyezaliwa mwaka 1914 na kufariki mwaka 1997. Nimemchagua kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yake ilihusu kitu ambacho mpaka leo hakijakamilika, na kwa sababu akiwa hai aliona mashine iliyotokana na wazo lake ikigeuzwa kuwa mashine ya washindani. Mtu wa namna hiyo tukimpima kwa matunda, tutasema nini?

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Jua huwaka, lakini haliwaki kama kuni. Katikati ya jua, penye joto la nyuzi milioni 15 hivi, viini vya hidrojeni hugongana kwa kasi hadi vikaungana kuwa heli. Heli inayopatikana ina uzito pungufu kidogo kuliko hidrojeni iliyoingia, na upungufu huo ndio unaogeuka kuwa mwanga unaotuamsha na joto linalokausha mahindi yetu. Tangu katikati ya karne iliyopita wanasayansi wametamani kufanya jambo hilo hapa duniani, kwa kutumia aina nzito za hidrojeni, ambazo mojawapo hupatikana katika maji ya bahari. Shida ni kwamba hatuna uzito wa jua wa kuibana gesi hiyo. Kwa hiyo inabidi tuipashe moto kuliko jua lenyewe, kupita nyuzi milioni 100, na hakuna chungu kinachoweza kupakuliwa kitu cha namna hiyo. Ikigusa ukuta wa chombo, gesi hupoa papo hapo na ukuta huharibika.

Lakini gesi ikipata joto kiasi hicho, atomu zake huachana na elektroni zake, na kila chembe inabaki na chaji ya umeme. Hali hiyo huitwa plazima. Chembe zenye chaji hutii sumaku: huzunguka mistari ya uga wa sumaku na kuteleza juu yake kama shanga juu ya uzi. Basi mtu anaweza kutengeneza chungu kisicho na udongo, chungu cha sumaku. Ukiukunja uzi ukawa duara, shanga haina ncha ya kutokea. Karatasini jambo hilo linapendeza. Katika duara la kawaida, hata hivyo, sumaku huwa na nguvu zaidi upande wa ndani kuliko upande wa nje, na kwa sababu hiyo chembe za chaji moja huelea kwenda juu, za chaji nyingine huelea kwenda chini, na muda si muda plazima yote imesukumwa ukutani. Hapo ndipo Spitzer alipoingia.

Aliingia kwa mlango wa ajabu. Mwezi Machi 1951 Rais Juan Perón wa Argentina aliutangazia ulimwengu kwamba mtaalamu wake, Ronald Richter, amefaulu kuzalisha nguvu hiyo ya jua katika kisiwa cha Huemul. Haikuwa kweli, na mwaka uliofuata wanasayansi wa Argentina wenyewe walikagua na kukuta hakuna kitu. Habari hiyo ilimfikia Spitzer alipokuwa akielekea mapumzikoni Colorado, kwenye mchezo wa kuteleza juu ya theluji. Alikuwa na umri wa miaka 36, mkuu wa kituo cha kuchunguza nyota cha Princeton, na gesi zenye joto kali alizijua kwa kuwa nyota zenyewe ni hizo. Hakuiamini habari ile. Akaanza tu kujiuliza: kama mtu angetaka kulifanya jambo hili kwa kweli, angelifanyaje? Aliwaza hayo akiwa kwenye viti vinavyopandisha watu mlimani. Jibu alilorudi nalo lilikuwa rahisi kulichora: lipinde lile bomba la duara mpaka lipate umbo la tarakimu 8, ili kuelea kunakotokea upande mmoja kufutwe na kuelea kwa upande wa pili. Mashine hiyo akaiita stelareta, kwa maana ya nyota. Mradi mzima ukaitwa Matterhorn, kwa jina la mlima mgumu wa Uswisi, maana Spitzer alikuwa mpanda milima na alitambua kwamba safari hii itakuwa ya kupanda.

Kila ninapoisoma habari hii husimama hapo kidogo. Uongo wa Huemul uligharimu fedha za taifa na aibu ya rais, na hapohapo ukamwamsha mtu mwaminifu mbali kabisa, ambaye hakuhusika nao kwa lolote. Sisemi kwamba uongo ule ulikuwa na faida. Nasema tu kwamba Mungu hana desturi ya kusubiri udongo safi.

Kazi ilianza kwa siri, chini ya tume ileile ya serikali iliyosimamia mabomu ya nyuklia, na pazia la siri liliondolewa mwaka 1958 katika mkutano wa Umoja wa Mataifa huko Geneva. Princeton walijenga stelareta moja baada ya nyingine. Tatizo likawa lilelile: plazima ilivuja kwa kasi kubwa kuliko mahesabu yalivyoruhusu. Mwaka 1961 Spitzer aliwaachia wengine uongozi wa maabara, akarudi kwenye nyota zake.

Wakati huo Moscow walikuwa wakijaribu njia nyingine, iliyotokana na mawazo ya Igor Tamm na Andrei Sakharov: badala ya kupinda chombo, pitisha mkondo mkubwa wa umeme ndani ya plazima yenyewe, ili mkondo huo uisokote sumaku. Mashine hiyo huitwa tokamaki. Mwezi Agosti 1968, katika mkutano wa Novosibirsk, Lev Artsimovich na wenzake walieleza kwamba tokamaki yao iitwayo T-3 imefikia nyuzi milioni 10 hivi na kuishika plazima kwa muda mrefu kuliko mashine yoyote ya Magharibi. Wengi hawakusadiki. Waingereza, hasa, walikuwa na kidonda chao: mwezi Januari 1958 walitangaza ushindi kwa mashine yao iliyoitwa ZETA, na mwezi Mei wakalazimika kuufuta mbele ya dunia.

Artsimovich alifanya jambo ambalo ningependa vijana wetu wanaokwenda vyuoni walikumbuke kuliko tarakimu zote za insha hii. Aliwakaribisha wenye mashaka. Wataalamu wa maabara ya Culham huko Uingereza walikuwa na chombo kipya: unapitisha mwanga wa leza ndani ya plazima, unapima jinsi mwanga huo unavyotawanywa na elektroni, na hapo unajua joto lake bila kukisia. Ulikuwa wakati wa Vita Baridi. Mwezi uleule wa mkutano wa Novosibirsk vifaru vya Kisovieti vilikuwa vimeingia Prague. Hata hivyo mwaka 1969 Waingereza walifika Moscow na matani ya vifaa vyao, wakapima pamoja na wenyeji wao. Warusi walikuwa wamesema kweli. Matokeo yalichapishwa mwezi Novemba mwaka huohuo. Princeton hawakubishana sana baada ya hapo. Waliichukua stelareta yao kubwa kuliko zote, iliyoitwa Modeli C, wakaibadilisha, na mwaka 1970 ikaanza kufanya kazi kama tokamaki.

Sasa mweke Spitzer kwenye mizani mwaka huo wa 1970. Karibu miaka 20 ya fedha za umma. Hakuna balbu hata moja iliyowashwa. Njia aliyoiasisi imeachwa na maabara aliyoianzisha mwenyewe. Kwa kipimo cha matunda, tungesema huyu ameshindwa.

Najua mhubiri yeyote aliyezoea madhabahu anatamani kuruka mara moja hadi Greifswald, maana hata mimi nimetamani. Greifswald ni mji wa kaskazini mwa Ujerumani, karibu na bahari ya Baltiki, ambako Johannes Bugenhagen, aliyekuja kuwa mchungaji wa Luther huko Wittenberg, alisoma. Hapo ipo leo stelareta iitwayo Wendelstein 7-X. Kompyuta, ambazo Spitzer mwaka 1951 hakuwa nazo, zilikokotoa umbo la sumaku zake 50 zilizopindwapindwa kama mkono uliokaushwa unyevu wa nguo, na mafundi wakaziunganisha kwa kazi ya miaka. Plazima ya kwanza ilipatikana mwezi Desemba 2015. Tarehe 3 Februari 2016 plazima ya kwanza ya hidrojeni iliwashwa kwa kitufe kilichobonyezwa na Angela Merkel, Kansela wa wakati huo, mwanafizikia kwa taaluma na binti wa mchungaji. Mwaka 2023 mashine hiyo iliishika plazima kwa dakika 8. Njia iliyoachwa imerudi, na wataalamu wengi sasa wanaiona kuwa na faida ambazo tokamaki haina, maana mkondo ule mkubwa ndani ya tokamaki unaweza kukatika ghafla na kuiharibu mashine.

Habari njema, lakini siitaki iwe jibu letu. Spitzer hakuiona. Na tena: kama sumaku za Greifswald zingeshindwa, je, kazi yake ya mwaka 1951 ingegeuka kuwa ovyo kwa kurudi nyuma? Tukikubali hivyo tumeiweka thamani ya mtu mikononi mwa matukio ya miaka 20 baada ya maziko yake. Hata Musa tunamkosea tunapomhubiri kana kwamba thamani ya miaka yake 40 jangwani ilitegemea Yoshua kufanikiwa Yeriko.

Luther alilishughulikia jambo hili mahali tusipotarajia, katika mafundisho ya kuhesabiwa haki. Tumezoea kuyatumia tunapozungumzia kwenda mbinguni, tukayasahau Jumatatu asubuhi. Katika kitabu chake cha mwaka 1520 kuhusu uhuru wa Mkristo alifundisha kwamba matendo mema hayamfanyi mtu kuwa mwema. Mtu hupokea wema wake kwa Mungu bure, ndipo matendo yanapotoka kwake kwa ajili ya jirani. Matokeo yake kazini ni makubwa. Kazi yangu ikiacha kuwa hati ya kunithibitisha kwamba nastahili kuishi, naweza kuiacha ipimwe. Naweza kumwita mgeni mwenye leza aje aangalie joto lake. Naweza kuikabidhi kwa mwingine, na mwingine akiona njia bora, naweza kuigeuza bila kuhisi kwamba nimegeuzwa mimi. Lakini mtu ambaye hana kingine cha kusimamia isipokuwa mafanikio yake, huyo lazima alinde mlango wa maabara. Huemul ilikuwa kisiwa, na hilo halikuwa jambo la bahati tu.

Simwingizi Spitzer wala Artsimovich katika daftari la usharika wetu. Neema ya Mungu katika uumbaji hutenda kazi hata kwa wasiotaja jina lake, na Mlutheri anayeshangazwa na hilo hajaielewa Katekisimu yake, pale inapoeleza mkate wa kila siku.

Kuna upande mwingine wa mizani ambao zile namba za vyuoni haziuoni. Mwaka 1956 Spitzer alichapa kitabu kidogo kuhusu fizikia ya gesi zilizopoteza elektroni zake. Miaka michache kabla, akiwa na Richard Härm, alikuwa ameandika fomula inayoeleza jinsi plazima inavyokinza mkondo wa umeme. Fomula hiyo inaonyesha kwamba plazima ikizidi joto ukinzani wake hupungua, kwa hiyo kuipasha kwa mkondo pekee kuna mwisho wake. Lazima baadaye utafute njia nyingine ya kuiongezea moto. Sasa tazama: ni mashine gani inayopashwa kwa mkondo? Tokamaki, ile ya washindani. Kila mhandisi wa tokamaki hukokotoa kwa fomula ya Spitzer. Wengi hawataji makala yake tena, kama vile fundi seremala asivyomtaja aliyegundua bisibisi. Wazo likienea mno, hukoma kunukuliwa. Limekuwa la wote.

Mwinjilisti mmoja mstaafu alinisimulia jambo linalofanana na hilo. Alipofika katika mtaa mmoja akiwa kijana, kwaya iliimba kwa kukariri tu. Akawafundisha kusoma noti za do, re, mi, jioni kwa jioni, kwa chaki na kipande cha ubao. Leo mtaa ule ni usharika wenye kwaya nne, na watoto husoma noti kabla hawajaimudu hesabu ya kugawanya. "Mchungaji," aliniambia akicheka, "wale wanadhani wamezaliwa wanajua." Nilimtazama nione kama kuna uchungu katika kicheko chake. Kama ulikuwepo, ulikuwa kidogo. Paulo alipowaandikia Wakorintho kwamba yeye alipanda na Apolo akatia maji, alikuwa akizuia ugomvi wa majina, na ugomvi wa majina huanza hasa pale kazi inapofanikiwa.

Niseme pia kwamba Spitzer alikuwa na kazi nyingine ya kusubiri. Mwaka 1946 aliandika pendekezo la kuweka darubini juu ya anga la dunia. Roketi ya kuipeleka haikuwepo. Darubini ya Hubble ilirushwa mwaka 1990, yaani baada ya miaka 44, na hiyo aliiona. Mtu yuleyule, mwenye subira ileile, alipewa kuvuna shamba moja na kunyimwa jingine. Sioni kwamba alistahili zaidi katika shamba la kwanza.

Lipo pingamizi ambalo sitaki kulipita. Nilipozungumza habari hizi katika mafunzo ya watu wazima, mama mmoja, muuguzi wa zahanati, aliuliza: "Mchungaji, subira ya nani? Sisi umeme ukikatika tunazalisha kwa tochi ya simu. Hao wamekula fedha miaka sabini." Swali lake ni la haki, na sehemu yake moja haijibiki kwa kumsifu Spitzer. Kusubiri mwenyewe ni fadhila. Kusubiri kwa fedha za wengine ni mkopo, na mkopo una masharti. Kule Geneva mwaka 1955, Homi Bhabha wa India, aliyekuwa rais wa mkutano wa kwanza wa nguvu za atomu, alitabiri kwamba njia ya kuidhibiti nguvu hii itapatikana ndani ya miaka 20. Mashine ya JET huko Uingereza mwaka 1997 ilitoa megawati 16 kwa kutumia megawati 24 za kuipasha. ITER, inayojengwa Cadarache kusini mwa Ufaransa kwa ushirikiano wa nchi zaidi ya 30, imeahirisha tena kuanza kwa utafiti wake hadi mwaka 2034. Hakuna mashine ya sumaku ambayo mpaka sasa imetoa nguvu nyingi kuliko ilizopewa.

Nilimjibu yule mama kwamba nchi zinazolipia utafiti huo haziwezi kudaiwa ziuache ili zahanati yetu ipate taa. Taa ya zahanati ni deni la watu wengine walio karibu zaidi, na tunajua anwani zao. Lakini wanaoomba fedha kwa kazi ya vizazi vitatu wana wajibu wa kusema kwa sauti ileile ni nini hakijapatikana. Nilikiri mbele ya darasa kwamba kanisa nalo halina usafi wa kutosha katika hili, maana tunayo majengo ambayo kila mwaka tunawaambia washarika kwamba ni awamu ya mwisho.

Alitafakari kidogo. Akasema mtu akimwambia wazi kwamba hatauona umeme huo, wala mwanawe labda, anaweza kumwelewa na hata kumchangia. Asichoweza ni kuambiwa miaka 20 mara tatu. Darasa likacheka, kisha mzee mmoja akauliza ile awamu ya mwisho ya jengo letu itaisha lini, na nikalazimika kumjibu kwa tarakimu.